Kasi ya Nuru: Ushahidi wa Mpaka Usiovukwa

Kasi ya nuru katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo haina desimali kwa sababu tangu mwaka 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa nuru: ni umbali ambao nuru husafiri katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Kwa kasi hiyo nuru hutoka mwezini hadi duniani kwa sekunde 1.3, na kutoka juani kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi.

Kusema kwamba nuru ina kasi fulani ni jambo moja. Kusema kwamba hakuna kitu, ujumbe wala athari yoyote inayoweza kuipita ni jambo lingine. La kwanza hupimwa kwa saa na kwa umbali. La pili haliwezi kuthibitishwa kwa jaribio moja, kwa kuwa hakuna awezaye kujaribu kila kilichomo ulimwenguni. Linasimama juu ya aina kadhaa za ushahidi zisizotegemeana: chembe zilizosukumwa kwa nishati kubwa zisivuke, saa zilizochelewa kwa kiasi kile kile kinachotakiwa na mpaka huo, na wajumbe wa angani waliosafiri mamilioni ya miaka wakafika karibu pamoja. Ukiwekwa pamoja, ushahidi huo unaonyesha pia kwamba mpaka wenyewe si mali ya nuru. Nuru ni mmoja tu kati ya wanaoutii.

Kutoka kasi inayopimika hadi kasi isiyobadilika

Kwa karne nyingi wataalamu wengi waliamini kwamba nuru hufika papo hapo. Dalili ya kwanza ya wazi kwamba sivyo ilitoka kwenye sayari ya Mshtarii. Mwezi wake uitwao Io huingia katika kivuli cha sayari hiyo kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Mwaka 1676 Ole Rømer, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi mjini Paris, alieleza kwamba kupatwa huko huwahi Dunia inapoikaribia Mshtarii na huchelewa inapoiacha. Io haikuwa na kosa. Ni nuru iliyokuwa na safari ndefu zaidi. Rømer alikadiria kwamba nuru huchukua dakika 22 kuvuka kipenyo cha njia ya Dunia kulizunguka Jua. Leo inajulikana kuwa ni chini kidogo ya dakika 17. Mwaka 1849 Hippolyte Fizeau aliipima kasi hiyo hapa hapa duniani. Alipitisha nuru katikati ya meno ya gurudumu linalozunguka hadi kwenye kioo kilichokuwa kilomita 8.6 mbali, akapata kilomita 313,000 hivi kwa sekunde.

Vipimo hivyo havikugusa suala la mpaka. Suala hilo lilizuka James Clerk Maxwell alipoonyesha, katika miaka ya 1860, kwamba nuru ni wimbi la sumakuumeme. Milinganyo yake ilitoa kasi moja tu, bila kusema kasi hiyo ni kwa kulinganisha na nini. Wengi walidhani kuna dutu inayojaza anga yote, iliyoitwa etha, ambayo ndani yake nuru husafiri kama sauti isafirivyo hewani. Kama ingekuwa hivyo, Dunia, inayolizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, ingekutana na upepo wa etha, na nuru ingeonekana kwenda kwa kasi tofauti kulingana na upande inaoelekea.

Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley waliutafuta upepo huo mjini Cleveland, Marekani. Waliweka vioo juu ya bamba zito la mawe lililoelea kwenye zebaki ili liweze kugeuzwa bila kutikisika, wakaigawa nuru katika njia mbili zenye pembe mraba, kisha wakazikutanisha tena. Walitarajia mistari ya mwangaza na giza isogee kwa karibu sehemu 0.4 ya upana wa mstari mmoja. Walichokiona hakikufikia hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho.

Mwaka 1905 Albert Einstein aliligeuza tokeo hilo kuwa msingi. Kasi ya nuru katika ombwe ni ile ile kwa kila mpimaji anayekwenda kwa mwendo usiobadilika, iwe chanzo cha nuru kinamkaribia au kinamkimbia. Kutokana na kanuni hiyo na ile isemayo kwamba sheria za fizikia ni sawa kwa wapimaji wote hao, ilifuata kwamba muda na urefu hubadilika kulingana na mwendo wa anayepima, na kwamba kitu chenye tungamo kingehitaji nishati isiyo na mwisho ili kufikia kasi ya nuru. Hapo ndipo mpaka ulipotokea: haukubuniwa peke yake, ulitoka ndani ya nadharia ya uhusianifu. Kwa hiyo kila kipimo kinachoijaribu nadharia hiyo huujaribu mpaka pia.

Chembe zinazosukumwa

Jaribio linaloonyesha jambo hili bila kuzunguka lilifanywa na William Bertozzi katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1964. Alirusha mafungu ya elektroni katika bomba lisilo na hewa. Fungu lilipoanza safari lilitoa ishara ya umeme, na lilipogonga kisahani cha aluminiamu mwishoni likatoa nyingine. Ishara zote mbili zilionekana kwenye kioo cha osiloskopu, na nafasi kati yake ilikuwa muda wa safari. Umbali ulikuwa mita 8.4, ambao nuru huukata kwa nanosekunde 28, yaani sehemu 28 za bilioni moja ya sekunde.

Katika fizikia ya Newton, nishati ikiongezwa mara nne, kasi huongezeka mara mbili, na hakuna kizuizi. Elektroni zenye nishati ya elektronivolti milioni 0.5 zingepaswa kwenda mara 1.4 ya kasi ya nuru, na zenye elektronivolti milioni 15 mara 7.7. Osiloskopu ilionyesha vingine. Za kwanza zilichukua nanosekunde 32.3, za milioni 1.5 zikachukua 29.2, na zile za milioni 15 zikachukua 28.0. Nishati ilikuwa imeongezeka mara 30, lakini muda wa safari ulipungua kwa nanosekunde chache tu na kusimama pale pale ulipo muda wa nuru.

Palibaki pingamizi moja: huenda elektroni hazikuipokea nishati yote iliyodaiwa. Bertozzi alilijibu kwa joto. Kisahani cha aluminiamu kilifungwa kipima joto, naye akahesabu ni kiasi gani cha joto kila elektroni ilikiachia. Joto lililingana na nishati iliyokusudiwa. Elektroni zilikuwa zimeibeba nishati. Ila hazikuibadilisha kuwa kasi zaidi.

Jambo hilo leo hurudiwa kila siku katika mashine za kuharakisha chembe, na wahandisi hulitegemea ili mashine zifanye kazi. Katika Large Hadron Collider ya CERN, maabara iliyo karibu na Geneva, protoni huingia zikiwa na nishati ya elektronivolti bilioni 450 na kupandishwa hadi elektronivolti trilioni 6.8, yaani mara 15. Zinapoingia huwa nyuma ya nuru kwa mita 650 hivi kwa sekunde. Zinapomaliza kupandishwa huwa nyuma kwa mita 3 hivi. Mawimbi ya redio yanayozisukuma lazima yaende sawa na mzunguko wa protoni katika njia ya kilomita 27, mizunguko zaidi ya 11,000 kwa sekunde. Kama kasi ingeongezeka kwa hesabu ya Newton, ingekuwa imekaribia mara nne, na msukumo wa mawimbi ungezikosa protoni tangu hatua za mwanzo. Badala yake marudio ya mawimbi hayo hubadilika kwa sehemu kama mbili tu katika milioni.

Mashine iliyotangulia katika handaki hilo hilo, LEP, ilitumia elektroni, ambazo tungamo lake ni dogo zaidi. Mwaka 2000 zilifikia nishati ambayo kwayo zilikuwa nyuma ya nuru kwa chini ya milimita 4 kwa sekunde. Hata hapo hazikuifikia.

CERN ilitoa pia jibu la swali jingine: je, nuru inayotoka kwenye chanzo chenye kasi hupata kasi ya chanzo hicho? Mwaka 1964 kundi la Torsten Alväger lilipima miale ya gama iliyotoka kwenye chembe ziitwazo pioni, zilizokuwa zikikimbia kwa asilimia 99.975 ya kasi ya nuru. Kama kasi zingejumlishwa kama za mtu anayetembea ndani ya treni, miale hiyo ingeenda karibu mara mbili ya kasi ya nuru. Ilikwenda kwa kasi ile ile ya kawaida, kwa usahihi wa sehemu 13 katika laki moja.

Saa zinazochelewa

Aina ya pili ya ushahidi haigusi kasi moja kwa moja. Kiasi kile kile cha hesabu kinachoifanya nishati ikue bila kikomo karibu na kasi ya nuru ndicho kinachosema kwamba saa inayokwenda kasi huchelewa. Saa zikionekana kuchelewa kwa kiwango hicho, mpaka nao umeungwa mkono.

Mioni ni chembe zinazozaliwa juu sana hewani miale ya anga inapogonga angahewa. Mioni iliyotulia huishi kwa wastani wa sehemu 2.2 za milioni moja ya sekunde. Kwa muda huo hata nuru haisafiri zaidi ya mita 660, hivyo chache mno zingetarajiwa kufika chini. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walizihesabu juu ya Mlima Washington, Marekani, katika kimo cha mita 1,900 hivi, wakapata 563 kwa saa. Kwa hesabu isiyo na uhusianifu, usawa wa bahari ungepaswa kupata kama 27. Walipata kama 410. Kwa saa ya mioni yenyewe, safari ilikuwa fupi. Katika CERN, mioni zilizozungushwa kwa kasi kubwa ziliishi mara 29 zaidi ya zilizotulia, na matokeo hayo yaliyochapishwa mwaka 1977 yalilingana na nadharia kwa usahihi wa sehemu moja katika elfu.

Wajumbe kutoka mbali

Maabara huweza kupima tofauti ndogo za muda, lakini umbali wake ni mfupi. Anga hutoa umbali ambao hakuna handaki linaloweza kuutoa. Vitu viwili vikitoka pamoja na kusafiri maelfu au mamilioni ya miaka, tofauti ndogo kabisa ya kasi ingejikusanya hadi ionekane.

Tarehe 23 Februari 1987 nyota moja katika Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi, ilionekana imelipuka. Saa chache kabla ya nuru yake kuonekana, vigunduzi vya Kamiokande nchini Japani, IMB nchini Marekani na Baksan katika Umoja wa Kisovyeti vilinasa jumla ya nyutrino zipatazo 24 katika sekunde kama 13. Nyutrino hazikuipita nuru njiani. Zilitoka katikati ya nyota mara tu kiini kilipoporomoka, kwa kuwa hupenya karibu kila kitu, wakati nuru ilisubiri mpaka wimbi la mlipuko lifike kwenye uso wa nyota. Baada ya safari ya miaka 168,000, tofauti ilibaki ya saa tu. Kwa hiyo kasi ya nyutrino hizo na ya nuru hazitofautiani kwa zaidi ya sehemu chache katika bilioni.

Tarehe 10 Mei 2009 mlipuko wa miale ya gama ulionekana na satelaiti za Fermi na Swift. Nuru ya mlipuko huo ilikuwa imesafiri kwa miaka bilioni 7.3. Ndani yake Fermi iliona fotoni moja, yaani chembe moja ya nuru, yenye nishati ya elektronivolti bilioni 31, mara maelfu ya zile za nishati ya chini zilizoandamana nayo, na bado ilifika ndani ya sekunde moja tangu mlipuko kuanza. Fotoni zenye nishati tofauti kiasi hicho hushika kasi moja.

Mjumbe wa tatu si nuru wala chembe. Katika fizikia ya Newton, mvutano hufanya kazi papo hapo: Jua likitoweka, Dunia ingeacha njia yake mara moja. Katika uhusianifu Dunia ingeendelea kulizunguka kwa dakika 8 na sekunde 20, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tarehe 17 Agosti 2017 vigunduzi vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi. Sekunde 1.7 baadaye ikafika miale ya gama. Hata watafiti walipokubali kwamba huenda miale ilichelewa kutoka, kasi ya mvutano na kasi ya nuru hazikuweza kutofautiana kwa zaidi ya sehemu 3 katika milioni ya bilioni.

Kosa la nanosekunde 60

Septemba 2011 kundi la OPERA lilitangaza kwamba nyutrino zilizotumwa kutoka CERN hadi maabara iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730, zilifika nanosekunde 60 mapema kuliko ambavyo nuru ingefika. Data zilikusanywa kwa miaka mitatu, matukio zaidi ya 15,000, na tangazo lenyewe liliwaomba wengine watafute kosa.

Pingamizi lilikuja pande mbili. Kwanza, kama nyutrino zote zingekuwa na ziada hiyo ya kasi, zile za mwaka 1987 zingetangulia nuru kwa zaidi ya miaka minne. Pili, Andrew Cohen na Sheldon Glashow walionyesha kwamba nyutrino inayoipita nuru ingepoteza nishati njiani kwa kuzaa jozi za elektroni na pozitroni. ICARUS, jaribio jingine katika maabara hiyo hiyo, halikuona dalili ya upotevu huo.

Kosa lilipatikana mapema mwaka 2012. Kebo ya nyuzi za kioo iliyopeleka ishara ya GPS kwenye saa kuu haikuwa imekazwa barabara, ishara ikachelewa, na nyutrino zikaonekana zimewahi. Saa ya kifaa nayo ilikuwa na hitilafu ndogo iliyovuta upande wa pili. Mwezi Mei mwaka huo majaribio manne ya Gran Sasso, OPERA yenyewe ikiwamo, yalipima upya. Yote yaliona kasi inayolingana na ya nuru.

Vinavyoonekana kuvuka

Kuna matukio ya kweli ambamo kitu huonekana kwenda kasi kuliko nuru, na kila moja lina maelezo yake.

Katika maji nuru hupungua hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na chembe zenye nishati huweza kuipita humo. Hapo hutokea mwanga wa samawati unaoonekana katika vinu vya nyuklia, ulioripotiwa na Pavel Cherenkov mwaka 1934. Kilichopitwa ni kasi ya nuru ndani ya maji. Kasi yake katika ombwe haijaguswa.

Mwale wa leza ukipitishwa juu ya uso wa Mwezi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, doa lake litakata kilomita 3,474 kwa muda huo, kasi inayozidi ya nuru. Lakini doa si kitu. Kila fotoni imetoka duniani na kufika kwa kasi yake ya kawaida, na hakuna kinachosafiri kutoka ukingo hadi ukingo.

Mikondo ya gesi inayotoka kwenye baadhi ya galaksi, kama M87, huonekana kusogea angani mara kadhaa ya kasi ya nuru. Hilo ni tokeo la pembe. Gesi inayokwenda kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, ikielekea karibu moja kwa moja upande wa Dunia, huifuata nuru yake yenyewe kwa nyuma. Nuru iliyoitoa mwanzo na iliyoitoa baadaye hufika kwa muda uliokaribiana, na safari ya miaka mingi huonekana ya miaka michache. Kwa pembe ya nyuzi 10, kasi inayoonekana hufikia karibu mara 7 ya ile ya nuru.

Galaksi za mbali sana nazo huachana na yetu kwa kiwango kinachozidi kasi hiyo, kwa kuwa nafasi iliyo katikati inatanuka. Hakuna inayoipita nuru iliyo karibu nayo, wala hakuna ujumbe unaobebwa.

La mwisho ni chembe zilizofungamana kikwanta. Vipimo vya Alain Aspect vya mwaka 1982, na vingine vilivyofuata, vilionyesha kwamba matokeo ya chembe mbili zilizo mbali huhusiana kwa namna isiyoelezeka kwa maelekezo yaliyopangwa kabla. Hata hivyo kila upande, ukitazamwa peke yake, hutoa matokeo ya bahati nasibu. Uhusiano huonekana pale tu orodha mbili zinapolinganishwa, na orodha hizo lazima zisafirishwe kwa njia ya kawaida.

Kisababishi kabla ya tokeo

Mifano hiyo inaeleza kwa usahihi zaidi ni nini kinachowekewa mpaka. Madoa, vivuli na mwonekano havibanwi. Kinachobanwa ni kila kinachoweza kubeba nishati au habari kutoka mahali hadi mahali, yaani kila kinachoweza kuwa kisababishi.

Katika uhusianifu, wapimaji wanaokwenda kwa mwendo tofauti hawakubaliani kila mara kuhusu tukio lipi lilitangulia. Ikiwa kati ya matukio mawili ujumbe wa kasi ya nuru au pungufu ungeweza kupita, wote hukubaliana. Ikiwa umbali ni mkubwa mno kwa nuru kuwahi, wengine huliona la kwanza likitangulia, wengine la pili. Hilo halina madhara mradi hakuna ujumbe kati yake. Lakini ujumbe unaoipita nuru ungepokelewa kabla ya kutumwa kwa baadhi ya wapimaji, na kwa kuunganisha jumbe mbili za namna hiyo, jibu lingeweza kumfikia mtu kabla hajauliza swali.

Hoja hiyo si kipimo, bali hueleza kwa nini vipimo vya aina tofauti huishia namba moja. Elektroni katika bomba la Massachusetts, mvutano wa nyota za nyutroni na fotoni za mlipuko wa mbali havina asili moja. Vinachoshiriki ni nafasi na muda, na mpaka umo humo. Chembe zisizo na tungamo huenda kwa kasi ya mpaka huo, na zenye tungamo hubaki nyuma yake. Kama siku moja fotoni ingegunduliwa kuwa na tungamo dogo, nuru yenyewe ndiyo ingeonekana iko nyuma kidogo ya mpaka, na mpaka ungebaki ulipo.

Ushahidi ulipofikia

Hakuna jaribio linaloweza kufunga mlango kabisa. Baadhi ya nadharia za mvutano wa kikwanta huruhusu tofauti ndogo sana katika nishati kubwa mno, na milipuko ya gama huendelea kupimwa kwa sababu hiyo. Ukubwa wa tofauti inayoweza kuwa imejificha umepungua hatua kwa hatua: sehemu kadhaa katika laki kwa nuru ya pioni mwaka 1964, sehemu chache katika bilioni kwa nyutrino za mwaka 1987, na sehemu 3 katika milioni ya bilioni kwa mvutano mwaka 2017.